Mashelfu ya kabati la nguo na stoo ya jikoni baada ya kuhamia nyumba mpya Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, iwe ya kupanga Sinza au ya kujijengea Kibada, hukabidhiwa kabati la nguo lenye shelfu moja juu na bomba moja la kutundikia henga. Stoo ya jikoni nayo mara nyingi ni kuta nne tu. Haya ni maswali wanayouliza watu wakishashusha vitu kutoka kwenye kirikuu. Majibu ni ya hali ya hewa ya Pwani. Aliyehamia Njombe ana mambo yake mengine.

Nimehamia juzi. Nimwite fundi lini?

Si wiki hii. Acha vitu kwenye maboksi na ndoo, pika, vaa, fua, kisha angalia mkono wako unaenda wapi kila siku. Anayemwita fundi siku ya pili humwagiza mashelfu ya nyumba aliyotoka. Baada ya mwezi hivi utajua kama sufuria la ubwabwa wa wageni linastahili kuwa karibu na mlango au juu kabisa.

Kuna sababu nyingine kama nyumba ndiyo imemalizika kujengwa. Saruji hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28, lakini maji yaliyomo kwenye plasta na tofali huendelea kutoka muda mrefu zaidi, hasa wakati wa masika. Kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Ukigandamiza bodi hapo, umetengeneza shamba la ukungu.

Nipime nini?

Pima upana sehemu tatu: chini, katikati na juu. Kuta zetu hazinyooki, na tofauti ya sentimita mbili kati ya chini na juu ni jambo la kawaida. Fundi afuate kipimo kidogo kuliko vyote. Pima kina cha kabati mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu bawaba na kitasa hula nafasi. Kisha, na hapa ndipo wengi hawafiki, pima vitu vyenyewe.

Nguo iliyotundikwa kwenye henga inahitaji kina cha sentimita 55 hadi 60, la sivyo mlango utabana mikono ya mashati. Kanzu, abaya na gauni refu zinataka uwazi wa kama sentimita 150 chini ya bomba. Mashati na suruali zilizokunjwa kwenye henga zinatosheka na 100. Ndiyo maana kabati lenye urefu wa ndani wa sentimita 210 linaweza kubeba mabomba mawili, moja juu ya jingine, upande mmoja, na nguo ndefu zikabaki upande wa pili. Hiyo peke yake huongeza nafasi kuliko shelfu lolote utakaloongeza. Bomba likizidi mita moja, liwekewe kishikio katikati.

Nguo za kukunja hazihitaji kina kikubwa. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukikunja nusu kwa nusu, upande mrefu mara tatu na ule mfupi mara mbili, unapata kifurushi cha karibu sentimita 19 kwa 28. Shelfu la kina cha sentimita 30 linaubeba mzigo huo vizuri. Ukilifanya 60, kanga za nyuma utaziona siku ya harusi tu. Kati ya shelfu na shelfu acha sentimita 25 hadi 30. Ukiacha 45, rundo litaanguka kila unapovuta kitenge cha chini.

Kwa stoo, kina cha sentimita 30 hadi 40 kinatosha, na shelfu la makopo ya viungo linaweza kuwa 15 tu. Watu hawaamini, wanataka mashelfu mapana. Halafu miezi sita baadaye wanakuta nyuma ya chupa ya siki pakiti ya tambi iliyokwisha muda wake.

Bodi gani au mbao gani inafaa Dar?

Inategemea inakaa wapi na inabeba nini, lakini kwanza tuwe wazi kuhusu MDF na chipbodi, yaani bodi za nyuzi au chenga za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Ni rahisi kukata, zinatoka laini, zinapendeza zikiwa dukani. Zikinywa maji zinavimba, na zikivimba hazirudi. Maji yenyewe si lazima yamwagike, maana hewa ya Dar ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na huingia kupitia kingo zilizokatwa ambazo hazikufungwa. Kama umeshaamua MDF kwa sababu ya mfuko, basi kila ukingo, hata ule wa nyuma usioonekana, ufungwe kwa utepe wa plastiki au upakwe rangi ya mafuta mara mbili. Mafundi wengi hufunga ukingo wa mbele tu. Simama hapo hapo, mgeuzie bodi, umuulize, "Fundi, na huku nyuma je?"

Plaiwudi ya milimita 18 ni chaguo zuri la kati. Inavumilia unyevu kuliko MDF na inashika skrubu vizuri zaidi. Marini bodi, zile zenye uso mweusi au wa kahawia zinazotumika pia kumwagia zege, zimegundishwa kwa gundi isiyoogopa maji, na kwa shelfu la chini la stoo sijaona cha kuzishinda kwa bei yake. Karatasi moja ni futi 8 kwa 4. Chora mpango wako kwanza ndipo ununue, maana kina cha sentimita 30 kinakupa vipande vinne kwa upana, ila upanga wa msumeno unakula milimita kadhaa kila unapopita. Panga 29 au 30, usipange 31.

Mbao ngumu kama mninga na mkongo zinadumu, zinastahimili wadudu na hazichezi sana na unyevu, lakini kuziweka ndani ya stoo ambako hakuna anayeziona ni kumpaka mbuzi manukato. Zipeleke kwenye milango. Paini ya mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, kama Sao Hill kule Mufindi, inapatikana kirahisi na kwa chaga inafaa sana, mradi iwe imekauka. Ishike: ubao mbichi ni mzito na una ubaridi ukiuweka shavuni. Ukiupigilia mbichi utajikunja mwenyewe ukutani. Mbao za kenchi zilizochovywa dawa, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijanijani, usizitumie zikiwa wazi mahali pa chakula. Dawa hizo zina shaba, na baadhi yake zina aseniki.

Kwa kununua, Buguruni kuna mbao, Keko kuna maseremala, na vifaa vidogo kama bawaba, skrubu na vyuma vya L utavipata Kariakoo. Uliza kama muuzaji wa bodi anakata kwa mashine. Mkato wa mashine ni tofauti kabisa na wa msumeno wa mkono juani.

Mbona mashelfu yangu yananing'inia tumbo katikati?

Kwa sababu umbali kati ya vishikio ni mkubwa kuliko ubao unavyoweza. Hili ndilo tatizo namba moja la stoo, na watu hulitibu vibaya kwa kununua ubao mnene.

Tuanze na uzito. Mfuko wa mchele kilo 25, unga kilo 25, sukari kilo 5, dumu la mafuta ya kupikia lita 20 ambalo lina kama kilo 18. Jumla kilo 73. Ni sawa na kumlaza mtu mzima kwenye shelfu, tena akae hapo miaka. Ubao hauvunjiki, ila unalegea taratibu, na ukishajizoesha umbo hilo haunyooki tena hata ukiutoa mzigo.

Sasa hesabu. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, kupinda kunapungua hadi sehemu moja ya nane. Ukipunguza umbali kati ya vishikio kwa nusu, na mzigo umeenea sawasawa, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya 16. Kwa hiyo kishikio kimoja katikati ya shelfu la sentimita 120 kinafanya kazi kuliko kununua bodi ya pili na kuibandika juu ya ya kwanza, na gharama yake ni kipande cha mbao. MDF au chipbodi ya milimita 18 isipite sentimita 60 bila kishikio. Plaiwudi yenye unene huo usiivushe sana sentimita 75 kama ni stoo ya nafaka. Kabati la nguo linasamehe zaidi.

Kuna njia ya tatu ambayo maseremala wazee wanaipenda: ubao mwembamba wa inchi 2 unasimamishwa kwa ubavu chini ya ukingo wa mbele wa shelfu, ukapigwa gundi na skrubu. Unazuia kupinda na unaficha ukingo wa plaiwudi. Fundi akikuambia haina haja, mwombe akalishe shelfu juu ya matofali mawili, aweke ndoo ya maji ya lita 20 katikati, kisha aweke pimamaji juu ya shelfu karibu na ncha moja. Tone la hewa litasema.

Na vitu vizito vikae chini. Mfuko wa mchele haupaswi kupanda shelfu hata kidogo. Unatakiwa kulala kwenye chaga iliyoinuliwa sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni, hewa ipite chini yake na ufagio pia. Ukikaa mabondeni, karibu na Msimbazi au sehemu yoyote inayoingiwa na maji ya mvua, inua zaidi.

Ukuta haushiki skrubu, unamwaga mchanga tu. Nifanyeje?

Angalia vumbi linalotoka kwenye tundu. Sentimita moja au mbili za kwanza ni plasta na litakuwa laini. Drili ikifika kwenye tofali, sauti inabadilika na vumbi linakuwa la chenga. Ikiwa hata kwenye tofali vumbi linaporomoka kama sukari na drili inazama bila kusukumwa, tofali lilifyatuliwa kwa saruji kidogo. Hapo plagi fupi ya plastiki haitashika. Tumia ndefu, ya milimita 10 kwenda juu, iingie sentimita sita au saba ndani ya tofali lenyewe bila kuhesabu plasta. Au usiutegemee ukuta kabisa: jenga fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 inayosimama sakafuni, mzigo ushuke chini kwa miguu, ukuta uzuie tu isianguke mbele.

Ukuta wa bodi za jipsamu, ambao upo kwenye baadhi ya apatimenti, usibebeshwe stoo ya chakula bila kupata fremu iliyo nyuma yake. Na kabla ya kutoboa popote, tazama swichi na soketi ziko wapi. Nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka moja kwa moja kutoka hapo. Hata hivyo kuna mafundi umeme waliozipitisha kimshazari ili kuokoa waya, kwa hiyo zima swichi kuu kwanza.

Mimi ni mpangaji. Nimeshalipa kodi ya miezi sita. Niweke pesa kwenye nyumba ya mtu?

Weka kwenye vitu utakavyoondoka navyo. Mashelfu ya kusimama, ya skwea paipu na plaiwudi, yaliyounganishwa kwa bolti na si kwa kuchomelewa, yanafunguliwa yakapanda guta siku ya kuhama. Yafanye ya kipimo cha kawaida, sentimita 80 au 90 kwa upana, ili yaingie na nyumba ijayo. Juu kabisa yafunge ukutani kwa skrubu moja au mbili, hasa kama kuna mtoto anayejifunza kupanda.

Ukitaka kitu cha kudumu, zungumza na mwenye nyumba kabla ya fundi kufika, na mkubaliane kwa maandishi kama gharama itakatwa kwenye kodi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia. "Mzee, naomba kuweka mashelfu stoo, nitatumia kiasi fulani, naomba tukatane kodi ijayo." Akijibu "sawa" umepata ushahidi. Makubaliano kupitia dalali usiyahesabu.

Nguo zinanuka uvundo na viatu vinaota weupe. Ni kabati au ni mimi?

Ni kabati. Ukungu hustawi penye unyevu, giza na hewa iliyotulia, na kabati la Dar lililofungwa mlango mzima lina vyote vitatu, hasa likiwa limeegemea ukuta wa nje au ukuta wa bafu.

Tiba ni hewa. Sogeza mgongo wa kabati uache sentimita tatu hadi tano kutoka ukutani. Kama ni la kujengea, mashelfu yasifike hadi ukuta wa nyuma, yaache mwanya wa vidole viwili. Badala ya shelfu la bodi nzima, weka chaga: vipande vya mbao vyenye nafasi ya sentimita mbili kati yao. Kisha toboa matundu kwenye mlango, chini na juu, au fanya milango ya luva. Hewa ya joto inatokea juu, ya nje inaingilia chini. Tundu moja peke yake halisaidii.

Kufukiza udi ni desturi nzuri na nguo zinanukia, lakini udi haukaushi kitu. Mkaa kwenye kikapu hunyonya kidogo sana kwa kabati kubwa. Vikopo vya kunyonya unyevu vyenye kalsiamu kloraidi vinafanya kazi kweli, ila vinajaa maji na vinatakiwa kubadilishwa, na maji yake yakimwagikia viatu vya ngozi yanaviharibu. Kilicho bora ni kutoingiza nguo ambayo haijakauka vizuri. Iliyotolewa kambani jioni, wakati hewa imeshapoa, bado ina unyevu hata kama mkono hausikii.

Na vidonge vyeupe vya kufukuza nondo?

Vile vya naftalini sivipendi, na nyumba yenye mtoto mchanga isiviweke kabisa. Watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo ipo kwa watu wengi maeneo yenye malaria ya muda mrefu kama Pwani yetu, wanaweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu wakivuta naftalini, na watoto wachanga wamewahi kuugua kwa kuvikwa nguo zilizohifadhiwa nayo. Tumia karafuu kwenye kitambaa, na kausha nguo za msimu juani kabla ya kuzifungia.

Maharage yanatoboka ndani ya stoo mpya. Wadudu wametoka wapi?

Sokoni, ndani ya maharage yenyewe. Yai lilishatagwa kabla hujanunua. Ukiwa na friza, gandisha maharage, kunde au mchele siku nne, uache yarudi joto la kawaida mfuko ukiwa umefungwa, ndipo umimine kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ndoo za rangi zilizotumika usizitumie hata zioshwe vipi.

Mahindi ni habari nyingine. Dumuzi, aliyejulikana kwetu kuanzia upande wa Tabora kwenye miaka ya 1980 mwanzoni, anatoka kwenye ukoo wa wadudu watoboa mbao, na haoni shida kuchimba mfuko au ubao laini akitafuta njia. Ukimpata kwenye gunia, lote litoke nje ya stoo siku hiyo hiyo, na nyufa za mashelfu zisafishwe na kuzibwa. Hapa ndipo utaona faida ya mashelfu yaliyopakwa rangi au vanishi laini: unapangusa, unga hauna pa kujificha.

Sisimizi?

Njia ya bibi zetu ya kusimamisha miguu ya kabati kwenye makopo ya maji inafanya kazi. Lakini maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba ni mazalia ya mbu wa dengi, na Dar imepata milipuko ya ugonjwa huo, 2014 na 2019 kati ya miaka mingine. Weka mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika badala ya maji, na kabati lisiguse ukuta, maana sisimizi hawaoni aibu kuzunguka.

Nimeona vijia vya udongo vikipanda ukutani nyuma ya shelfu.

Mchwa. Vunja kipande kidogo cha kijia hicho na urudi baada ya siku chache. Kikiwa kimejengwa upya, bado wapo. Kubadilisha shelfu peke yake ni kuwaongezea chakula, kwa sababu wanatoka ardhini kupitia nyufa za sakafu. Mtu wa dawa aanzie huko, stoo ikiwa tupu, na chakula kisirudi hadi muda aliousema upite. Baada ya hapo miguu ya mashelfu iwe ya chuma.

Nyumba iko karibu na bahari. Kuna la ziada?

Chuma. Msasani, Kunduchi na Kigamboni upepo wa chumvi hula bawaba za kawaida haraka sana. Nunua za chuma kisichoshika kutu au aluminiamu, na skrubu pia, maana skrubu ikishika kutu huacha doa la kahawia kwenye kanzu nyeupe ambalo halitoki kwa sabuni.

Fundi nimlipeje?

Nunua vifaa mwenyewe au nenda naye dukani. Ufundi ulipwe kwa awamu: kianzio kidogo, sehemu kubwa mashelfu yakishasimama, na kiasi kibaki hadi milango ifunguke na kufungwa bila kukwaruza. Anayedai yote mwanzo ana kazi nyingine anayotaka kuimalizia kwa pesa yako. Chora mpango kwenye karatasi wenye vipimo, kila mmoja abaki na picha yake kwenye simu. Maneno ya "nimekuelewa, dada" hayana sentimita.

Mtungi wa gesi, mafuta ya taa na mkaa vinaweza kukaa stoo?

Mkaa ndiyo, kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, ukiwa umezimika kabisa. Mafuta ya taa na dawa za usafi viwe kwenye shelfu la juu lenye komeo, mbali na unga, na kamwe visiwe kwenye chupa ya soda au maji. Mtungi wa gesi hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya sakafuni, na stoo isiyo na dirisha haina pa kuitoa. Mtungi wa kilo 15 ukiwa umejaa unakaribia kilo 30 ukijumlisha chuma chake, kwa hiyo hata shelfu lake si la kufikiria. Uweke wima, nje kwenye kizimba chenye matundu chini, au jikoni penye hewa. Kama njia pekee iliyopo ni stoo, mlango wake ukatwe chini uachwe wazi sentimita kumi na tano, na pasiwe na swichi wala soketi ndani.